Fungu la Tatu la Maziwa

Mtu akinunua maziwa mlangoni kwake, akayaona mepesi kuliko ya jana, aweza kunung'unika; lakini manung'uniko si ushahidi. Muuzaji ataapa kwamba ng'ombe wake wamekula majani mabichi, na nani atamkadhibisha? Jambo hili liliwatatiza sana Waingereza katika karne ya 19.

Tangu mwaka 1851 hata 1854 daktari mmoja wa London, Arthur Hill Hassall, alinunua vyakula madukani akavitazama kwa hadubini. Aliona kahawa imechanganywa na mizizi ya chikori, na mkate umetiwa shabu. Habari zake zilipigwa chapa katika gazeti la waganga, The Lancet, pamoja na majina ya wauzaji. Watu walistaajabu, wala biashara haikubadilika sana.

Hata mwaka 1858 ikatokea balaa katika mji wa Bradford. Watengenezaji wa peremende walizoea kutia unga wa jasi ili kupunguza sukari, na safari hiyo duka la dawa likauza arseniki kwa kosa. Watu kama 20 walikufa, na zaidi ya 200 waliugua. Walioshtakiwa wakaachiliwa wote. Sheria ya 1860 ikafuata, ikairuhusu miji kuweka wachunguzi wa vyakula, isiilazimishe. Basi michache tu ikawaweka.

Sheria iliyofaa ni ile ya 1875, na nguvu yake, kwa maoni yangu, haikuwa katika adhabu, bali katika utaratibu mmoja mdogo. Mkaguzi alipokwisha kununua kitu ilimpasa amwambie muuzaji papo hapo kwamba chaenda kuchunguzwa, kisha ajitolee kukigawa mafungu matatu, kila fungu litiwe alama na muhuri. Moja alipewa muuzaji, moja lilikwenda kwa mchunguzi, na la tatu mkaguzi alilihifadhi. Hati ya mchunguzi ilitosha kuwa ushahidi. Lakini mshtakiwa akitaka mchunguzi mwenyewe aje aulizwe, sharti aje. Hati ikishindaniwa, mahakimu waliweza kupeleka kitu hicho kwa wakemia wa serikali, Somerset House. Wako wasemao kwamba taratibu za namna hii huwaokoa wadanganyifu. Mimi namfikiria mchuuzi mnyonge, asiyeijua elimu ya kemia: alikuwa na chupa yake mkononi, yenye muhuri ule ule.

Mawakili hawakukosa upenyo. Sheria ilikataza kuuza kitu kisicho halisi kwa hasara ya mnunuzi. Wakadai kwamba mkaguzi hakununua maziwa ili ayanywe, basi amepata hasara gani? Bunge lililikata dai hilo mwaka 1879.

Shida ya maziwa ilikuwa nyingine. Fungu la tatu lilichacha likingoja shauri, tena ng'ombe wote hawatoi maziwa sawasawa. Kwa hiyo kanuni za mwaka 1901 zilisema kwamba maziwa yenye mafuta chini ya sehemu 3 katika 100 yahesabiwe si halisi, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Muuzaji aliyeshikilia kwamba hakutia maji aliweza kuomba ng'ombe wake wakamuliwe mbele ya mkaguzi, na maziwa hayo nayo yakapimwa.