Kuku wa mapambo: mambo ya kujua kabla ya kununua vifaranga

KAMPALA – Wafugaji wa Kampala na wilaya jirani ya Wakiso wamezoea biashara mbili za kuku: wa nyama na wa mayai. Makampuni makubwa ya vifaranga ya eneo hili, kama Ugachick ya Magigye na Biyinzika, yamejijenga kwa kuku wa aina hizo. Ipo biashara ya tatu, ndogo lakini yenye bei ya juu kwa kila kuku. Hiyo ni biashara ya kuku wa mapambo, yaani wale wanaonunuliwa kwa sura yao: Brahma mwenye manyoya hadi vidoleni, Silkie mwenye manyoya laini kama pamba, Polish mwenye kishungi kinachofunika macho, na kuku wadogo wa bantamu.

Makala haya yanaeleza jinsi biashara hiyo inavyokwenda, tangu kifaranga kinapotoka katika kituo cha kutotolesha hadi kinapozaa kizazi chake, na sheria zinazomhusu mfanyabiashara anayetaka kuvuka mpaka naye.

Tofauti na kuku wa kawaida

Kuku wa nyama, wa mayai na Kuroiler, aliyeingizwa Uganda mwaka 2010, ni machotara. Ukizalisha kutoka kwao, watoto hawafanani na wazazi, na kwa sababu hiyo mfugaji hurudi kituoni kununua vifaranga kila msimu.

Kuku wa mapambo wa mbegu safi huzaa watoto wanaofanana naye. Mteja wa leo anaweza kuwa muuzaji baada ya miezi minane. Hiyo ni faida kwa anayeanza, na pia ni hatari yake kubwa, kama tutakavyoona mwishoni.

Hesabu ya vifaranga 20

Vifaranga vya mapambo kwa kawaida huuzwa bila kutenganishwa jinsia. Kwa Silkie, hata mfugaji mzoefu husubiri miezi kadhaa kabla ya kujua jogoo ni yupi. Anayenunua ajue kwamba takriban nusu ya kundi ni majogoo.

Tuchukue mfano. Mfugaji ananunua vifaranga 20 vya Brahma, na kwa ajili ya hesabu tuseme kila kimoja ni shilingi 10,000 za Uganda. Jumla ni 200,000. Wakifa watatu wakati wa kulea, wanabaki 17: tetea wanane na majogoo tisa. Tetea wawili wana kasoro na hawafai kuzalisha. Anabakiza majogoo wawili, mmoja wa akiba. Kundi la uzazi sasa ni kuku wanane kati ya 20, na gharama halisi ya kila mmoja ni shilingi 25,000 kabla ya chakula.

Chakula nacho si kidogo. Brahma hukua taratibu na wengi hawatagi kabla ya miezi sita au saba. Akila wastani wa gramu 90 kwa siku kwa siku 180, amemaliza zaidi ya kilo 16. Kwa kuku 17 ni takriban kilo 275. Mwenye kuwauza majogoo wa ziada mapema, mara anapowatambua, huokoa sehemu nzuri ya gharama hiyo. Bantamu hula karibu nusu ya kiasi hicho, jambo linalowafanya wafae kwa mtaji mdogo na ua mdogo.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo manne.

Kwanza, wazazi wako wapi? Muuzaji mkweli atakuonyesha kundi la wazazi. Picha peke yake haitoshi.

Pili, vifaranga wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Mareksi, unaoitwa pia mahepe? Chanjo hiyo hutolewa siku ya kwanza, kituoni, kabla kifaranga hakijakutana na virusi. Vituo vikubwa huitoa kwa kuku wa mayai, lakini mwenye mashine ndogo anayetotoa vifaranga 30 kwa wiki mara nyingi huiacha, kwa kuwa chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi na ikishachanganywa haihifadhiki. Silkie ni miongoni mwa aina zinazoathirika zaidi. Kuku hupooza mguu au bawa akiwa na miezi miwili hadi mitano, na hakuna dawa.

Tatu, vifaranga wa kundi hili ni ndugu? Nne, muuzaji atafanya nini ikiwa kuku hawatalingana na aina aliyoitaja?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua vifaranga 12 kutoka kwa muuzaji mmoja nje kidogo ya jiji, vikiwa vimeandikwa Brahma. Walipofika miezi minne, watano hawakuwa na manyoya miguuni, na wawili walipooza na kufa. Hakukuwa na stakabadhi iliyotaja aina wala chanjo, hivyo hakukuwa na la kudai. Fedha iliyopotea ilizidi gharama ya safari ya pili ya kwenda kuwaona wazazi.

Wiki sita za kwanza

Kifaranga huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni kwa siku mbili hadi tatu. Hiyo ndiyo sababu anaweza kusafirishwa, lakini muda huo usichezewe. Afikapo apewe maji kwanza, kisha chakula.

Joto la bruda liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na lipungue kwa nyuzi tatu hivi kila wiki. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi, hasa majira ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Wengi hutumia sigiri ya makaa. Hewa ipite, kwani moshi wa makaa huua vifaranga na hata binadamu. Vifaranga wakijikusanya chini ya joto wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wamezidiwa na joto.

Maganda ya kahawa au maranda hutumika kama matandiko, na yawe makavu. Kwa Brahma, Cochin na wengine wenye manyoya miguuni jambo hili ni la lazima, maana tope hugandamana vidoleni, huharibu manyoya yanayouzwa, na huficha utitiri.

Chakula cha kuanzia kiwe na protini asilimia 18 hadi 20. Wanaochanganya wenyewe hutumia pumba za mahindi, soya, mashudu ya alizeti au pamba, dagaa wa ziwani wanaoitwa mukene, na maganda ya konokono kwa chokaa. Mahindi yenye ukungu yasitumike hata yakiwa rahisi, kwa sababu ya sumukuvu.

Chanjo ya kideri hutolewa wiki ya kwanza au ya pili na kurudiwa, ya gumboro karibu na siku ya 14 na kurudiwa, na ya ndui kati ya wiki ya sita na ya nane. Ratiba kamili itolewe na daktari wa mifugo wa eneo lako. Kuku wa mapambo hukaa miaka, si wiki sita kama kuku wa nyama, hivyo chanjo ya kideri iendelee kurudiwa maisha yao yote.

Kuzalisha

Kwa aina nzito jogoo mmoja atosha tetea sita hadi wanane. Kwa bantamu hadi kumi. Manyoya mengi ya nyuma yakizuia mbegu, wafugaji huyapunguza kwa mkasi.

Usipandishe kaka na dada kizazi baada ya kizazi. Watoto wa kaka na dada huwa na kiwango cha udugu wa damu cha asilimia 25, na dalili zake ni mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu na vidole vilivyopinda. Njia rahisi ni kununua kutoka sehemu mbili tofauti, au kuwa na makundi matatu na kuhamisha majogoo kila mwaka: wa kundi la kwanza kwenda la pili, wa pili kwenda la tatu, wa tatu kurudi la kwanza.

Kuna mambo ya urithi ambayo humgharimu asiyeyajua. Kuku wa kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda kwenda juu, asipandishwe na kidimu mwenzake. Robo ya watoto watakuwa na manyoya dhaifu yanayokatika, na hubaki karibu uchi. Apandishwe na mwenye manyoya ya kawaida, na nusu ya watoto watakuwa kidimu. Manyoya ya Silkie kwa upande wake hujificha: ukimchanganya na kuku mwingine, kizazi cha kwanza hutoka na manyoya ya kawaida.

Mayai ya kutotolesha yasizidi siku saba. Yaliyosafirishwa yapumzishwe saa 12 hadi 24, ncha ikiwa chini, kabla ya kuingizwa. Mashine yenye feni iwekwe nyuzi 37.5, mayai yageuzwe hadi siku ya 18, kisha unyevu uongezwe na mashine isifunguliwe hadi siku ya 21. Umeme ukikatika mara kwa mara, tetea wa Silkie ni mashine ya bure, maana hupenda kuatamia, hata mayai ya wengine.

Sheria za jiji na za mpaka

Ndani ya Kampala, sheria ndogo za jiji za mwaka 2006 kuhusu mifugo zinamtaka mfugaji awe na kibali. Mamlaka ya jiji, KCCA, ina kituo cha kilimo Kyanja ambako wakazi hupata ushauri.

Anayetaka kuuza Kenya, Rwanda au Tanzania aanze na kibali cha kuingiza mifugo kutoka idara ya mifugo ya nchi anayokwenda, kisha cheti cha afya kutoka Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi iliyoko Entebbe. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, hupunguza makaratasi ya ushuru. Hauondoi cheti cha afya. Hilo huwakwamisha wengi Busia na Malaba.

Hasara yake si ndogo. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Lutembe, karibu na Entebbe, na Masaka, Kenya ilifunga mlango kwa kuku na mayai ya Uganda. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitoka Kenya bila kibali. Ukivuka kwa njia za panya, unahatarisha mzigo wote.

Bei haikai juu

Turudi kwenye hesabu yetu. Tetea sita wakitaga mayai 100 kila mmoja kwa mwaka, na asilimia 60 yakaanguliwa, ni vifaranga 360. Wateja kumi wakifanya hivyo ni vifaranga 3,600. Wanunuzi hawaongezeki kwa kasi hiyo.

Historia imelionyesha hilo. Katika miaka ya 1840 na 1850, Uingereza na Marekani zilikumbwa na homa ya kuku wa Asia. Maonyesho ya Boston ya mwaka 1849 yalijaza watu, na mfanyabiashara George Burnham alimpelekea Malkia Victoria kuku wa aina ya Brahma. Mwaka 1855 soko likiwa limeanguka, Burnham huyo huyo alichapisha kitabu cha kuwacheka wanunuzi. Nchini Kenya, waliokimbilia kware mwaka 2013 waliona bei ya mayai ikiporomoka mwaka uliofuata.

Waliobaki sokoni baada ya homa kama hizo ni wale waliokuwa na rekodi za uzazi, kuku wanaolingana na aina yao, na soko la pili la mayai na nyama kwa wale wasiouzika kwa sura. Anayeanza leo aanze na aina moja, kuku wachache, na aandike kila kitu. Asikope kwa kutegemea bei ya leo.