Siku Sitini za Kuupinga Uwanja wa Ndege

Uwanja wa ndege wa Pemba uko Wawi, kilomita chache kutoka mjini Chake Chake, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kiasi cha kilomita moja na nusu. Ndege ndogo ndizo zinazoumudu; kubwa hupita juu kwenda Unguja. Kwa Mpemba aliyezoea kujikunja melini usiku kucha, habari kwamba Serikali ya Mapinduzi imeamua kuupanua uwanja huo ni habari njema, wala hakuna haja ya kujifanya si njema. Mgonjwa wa rufaa atawahi, mfanyabiashara atawahi, na mtalii anayeishia Nungwi huenda akavuka.

Lakini Pemba ni ndogo. Haifiki kilomita za mraba elfu moja, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya nusu milioni. Ardhi yenyewe ni vilima na mabonde ya mpunga, tambarare hazitoshi. Ukivuta lami mbele, utaingia kondeni kwa mtu. Na kwa kuwa ardhi ya Zanzibar iligeuzwa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya 1964, mazungumzo ya fidia huanzia juu ya ardhi: mikarafuu mingapi, minazi mingapi, nyumba ya mawe au ya udongo. Hapo kila mtu ana la kusema, sheha, mthamini na mwenye mti.

Kuna karatasi nyingine isiyo na wasemaji wengi. Ni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Zanzibar imeitambua katika sheria tangu 1996, na ambayo chini ya Sheria ya 2015 inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Humo ndimo panapopaswa kuandikwa maji ya mvua yatakwenda wapi bonde likizibwa, kelele zitafika skuli gani, na kama kulikuwa na njia nyingine ya kulifanya jambo hilohilo. Makala haya si ya kesi ya Wawi. Ni historia ya watu wa kwingine walioichukua ripoti ya namna hiyo wakaipeleka mbele ya majaji, na ya kitu kimoja kilichowaangusha au kuwaokoa mara nyingi kuliko hoja zao zenyewe: kalenda.

Marekani ilianza mapema. Januari 1, 1970 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya sera ya taifa ya mazingira. Sheria ile haiikatazi serikali kuharibu. Inailazimisha ijue inachoharibu, ikiseme hadharani, kisha ndipo iamue. Kwa viwanja vya ndege kuna utaratibu wa peke yake: uamuzi wa mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, haupingwi mahakama ya chini bali hupelekwa moja kwa moja Mahakama ya Rufani ya shirikisho. Na mlalamikaji ana siku 60. Mahakama hiyo haiiti mashahidi wala haitembelei kijiji, inasoma jalada. Kwa kawaida, hoja usiyoitoa wakati wa maoni ya wananchi huwezi kuibuka nayo mbele ya majaji. Kwa hiyo kesi huwa imeshaanza siku ya mkutano wa hadhara, hata kama waliohudhuria wanadhani wamekuja kunywa soda na kusikiliza.

Mwaka 1991 wakazi wa karibu na uwanja wa Toledo, jimbo la Ohio, walipinga upanuzi uliokusudiwa kuihamishia hapo kampuni ya mizigo ya Burlington. Hukumu iliandikwa na Clarence Thomas, majuma machache kabla ya kuteuliwa kwenda Mahakama ya Juu. Wakazi walishindwa karibu kila hoja. Walipata moja tu, nayo haikuwa ndogo: aliyeiandika ripoti alipaswa kuchaguliwa na FAA yenyewe, tena atie saini kwamba hana maslahi katika mradi. Msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa haraka, kwani kwetu mshauri wa mazingira kwa kawaida hulipwa na mwenye mradi.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Phoenix, Arizona. Septemba 2014 FAA ilibadilisha njia za ndege angani, na watu wa mitaa mikongwe waliokuwa wakilala vizuri wakajikuta chini ya mngurumo. Walilalamika. Wakaambiwa wasubiri, jambo linashughulikiwa. Wakasubiri. Walipofungua kesi, Juni 2015, siku 60 zilikuwa zimekwisha zamani. Jaji mmoja kati ya watatu aliona kwamba mlango umefungwa na hakuna la kuzungumza. Wawili wengine walisema, Agosti 2017, kwamba mtu aliyeahidiwa suluhu hawezi kuadhibiwa kwa kuiamini ahadi. Ndipo wakaingia katika kiini: FAA ilidai kwamba iliushauri mji, kumbe iliwaeleza maofisa wa chini wasio na mamlaka ya kuusemea mji. Uamuzi ule ukafutwa. Ni sawa na kumwambia karani wa skuli kisha ukaandika kwamba shehia nzima imearifiwa.

Mfano wa Burbank, California, ni mfupi na unachekesha kidogo. Ripoti ya jengo jipya la abiria ilipima kelele za ujenzi kana kwamba mashine zingefanya kazi moja baada ya nyingine, kamwe si pamoja. Mwaka 2023 majaji waliirudisha ripoti ikafanyiwe kazi upya. Yeyote aliyewahi kuishi jirani na kijiko na shindilia angewaambia bure.

Mwaka 2021 wakazi wa San Bernardino walishindwa kuzuia kituo cha mizigo uwanjani kwao, majaji wawili dhidi ya mmoja. Na Mei 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya reli ya Utah, iliwaagiza majaji wa chini wasizichimbe sana ripoti hizi bali waiachie serikali nafasi pana. Mlango ulioanza kufunguka mwaka 1970 sasa umerudishwa, haujafungwa.

Huku kwetu historia haikuanzia angani bali jaani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo, wakashinda mbele ya Jaji Lugakingira. Halmashauri ikarudi mara kwa mara kuomba muda zaidi, na jaji akaeleza mshangao wake kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba kibali cha kuchafua. Hakukuwa na sheria ya tathmini ya mazingira wakati huo. Jaji aliegemea haki ya kuishi iliyomo katika Katiba.

Miaka tisa baadaye ikaja Rufiji. Kampuni moja ilitaka kufuga kamba katika delta, kwenye eneo la hekta zipatazo elfu kumi, ndani ya mikoko. Wataalamu wa Baraza la Mazingira la Taifa, NEMC, walishauri mradi ukataliwe. Baraza la Mawaziri likaukubali mwaka 1997. Karibu wakazi elfu mbili, wakisaidiwa na LEAT, timu ya mawakili wa mazingira, walikwenda Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa. Sheria ya Mazingira iliyoifanya tathmini kuwa lazima Tanzania Bara ilikuja 2004.

Pemba ina historia yake, nayo haikupita mahakamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisiwa cha Misali, kambi ya wavuvi tangu zama za mababu, kilikuwa kimeingizwa katika mpango wa hoteli ya mwekezaji wa nje. Wavuvi walikataa. Walisema mapema, na walisema pamoja, wakiwa na watu wa mazingira upande wao. Mwaka 1998 serikali ilitangaza Misali eneo la hifadhi, na uvuvi ukaruhusiwa kuendelea katika sehemu kubwa ya maji yake. Hoteli ile haikujengwa.

Ushindi mkubwa zaidi wa pwani yetu uko Lamu. Septemba 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, hapo Kwasasi. Sheria ya Kenya nayo inatoa siku 60. Shirika la wenyeji la Save Lamu na wenzao walikwenda kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira Novemba mwaka huohuo. Juni 26, 2019 leseni ikafutwa. Sababu iliyotangulia zote haikuwa moshi. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika. Watu waliitwa, wakatambulishwa mradi, wakarudi nyumbani, na ripoti yenye madhara ilipoandikwa hakuna aliyewarudia nayo. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikasimama na uamuzi uleule. Kesi ya jirani, ya wavuvi waliopoteza maeneo kwa bandari mpya ya Lamu, ilikuwa imewapa ushindi mwaka 2018 pamoja na fidia ya shilingi za Kenya takriban bilioni 1.76.

Sasa litazame bomba. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, Tanga, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Meli zitakazobeba mafuta hayo zitapita katika maji ambayo Mpemba anavua. Novemba 2020 mashirika manne ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, yakilalamika, pamoja na mengine, juu ya tathmini na ushirikishwaji. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili tangu tendo litokee au mlalamikaji alijue. Novemba 29, 2023 mahakama ilisema shauri lilipaswa kuletwa tangu 2017. Rufani nayo ikakataliwa Novemba 2025. Mazingira yenyewe, mikoko, matumbawe, nyangumi, hayakupimwa. Miaka mitano ya kesi iliishia kwenye tarehe.

Naona hukumu hiyo ilikuwa kali mno. Mwaka 2017 zilikuwepo saini za serikali mbili. Ripoti za mazingira zilifuata baadaye. Kumtaka mwanakijiji apinge kabla hajaona anachokipinga ni kumnyima haki kwa upole. Majaji wawili wa kesi ya Phoenix walijua kwamba kuchelewa huweza kuwa na sababu zake; Arusha sababu hizo hazikupata msikilizaji.

Kisheria Mpemba hayuko mbali na majaji. Mahakama Kuu ya Zanzibar ina kikao chake hapohapo Chake Chake, na juu yake ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika, ambayo husikiliza rufani za pande zote mbili za Muungano. Kilicho mbali ni ripoti. Mara nyingi huwa nene na ya Kiingereza, na huwekwa ofisini ambako mwenye konde hana sababu ya kwenda. Anayetaka kuitumia aiulize mapema, aombe nakala, amtafute kijana wa kumsomea kurasa za maji na kelele, atoe pingamizi lake kwa maandishi lipokelewe kwa muhuri. Na siku sheha atakapoita mkutano, aandike tarehe, na aandike pia nini alionyeshwa siku hiyo na nini hakuonyeshwa.