Mwana Kupona na Yatima Aliyeandaliwa

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa amelemewa na maradhi mwaka mzima alipomwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi. Anayasema hayo mwenyewe mwanzoni mwa utenzi alioutunga kisiwani Pate mwaka 1275 wa Hijria, yaani mnamo 1858. Miaka michache baadaye alifariki.

Baba wa binti huyo alikwisha kutangulia. Huyo ndiye Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, na aliyefariki mwaka 1856. Kwa hiyo anayesikiliza utenzi ule ni yatima wa baba anayeandaliwa kuwa yatima wa mama.

Jambo hilo husahaulika. Kwa muda mrefu utenzi umesomwa kama mafunzo kwa mke kuhusu wajibu wake kwa mumewe, na toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliweka wajibu wa mke kwenye jina la kitabu chenyewe. Wasomi waliofuata wakabishana: je, Mwana Kupona anamfunga mwanamke, au anampa mbinu za kuishi ndani ya nyumba ya mwanamume? Mjadala huo ni wa haki kabisa. Ila umeufunika msiba uliomo.

Tazama anapomsimulia bintiye habari za baba. Walikaa kwa furaha na kicheko, pasipo ugomvi hata siku moja. Na mauti yalipomfikia mume, alimkariria mkewe radhi zake. Wasomaji wengi hupita hapo haraka wakiona sifa za mke mwema tu. Lakini anayeambiwa ni mtoto aliyefiwa, naye anapewa kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kumpa: habari za saa ya mwisho ya baba yake, kutoka kwa mama ambaye saa yake nayo inakaribia.

Hakuna mayowe. Pwani ina mbolezi za kuomboleza, ambazo ni sauti ya waliobaki. Wasia kama huu ni sauti ya anayeondoka. Tena umbo la utenzi linambana mtunzi: mizani nane kila mshororo, mishororo mitatu yenye kina kimoja, na wa nne ukirudia kina kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mgonjwa huyu alifikisha beti 102 katika kibano hicho, akamwombea dua kila aliyekuwa akimwacha, kisha akawaita wanawake wote wausome.

Na walisoma. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, miongo mingi kabla ya kupigwa chapa. Mwana Hashima mwenyewe aliishi hadi karne ya 20.

Katika karne hiyo mshairi Shaaban Robert wa Tanga naye alipitia msiba. Mkewe Amina alipofariki na kumwachia watoto wawili, alimtungia shairi la maombolezo lililo wazi kwa uchungu wake. Watoto aliwatungia tenzi za mawaidha, Adili kwa mwana wa kiume na Hati kwa binti, na humo hakuwalilia. Aliwafundisha dini, kazi, adabu na namna ya kuishi na watu, kama alivyofanya mama wa Pate.