Mchikichi tasa wa Yangambi

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 85 tangu Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa Kibelgiji, watoe uchunguzi wao juu ya mchikichi. Sisi wa Lubumbashi, tunaokula sombe kwa mawese, hatujasikia hata hotuba moja.

Kampuni ya Lever ilianza kukamua mawese Kongo mwaka 1911. Mwaka 1933 ikaundwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, yenye kituo chake kikuu Yangambi, karibu na Kisangani.

Hapo ndipo Beirnaert na Vanderweyen walipokutana na fumbo. Ukipasua chikichi la aina iitwayo dura unakutana na kifuu kinene na nyama kidogo. La aina iitwayo tenera lina kifuu chembamba na nyama tele, maana yake mafuta mengi. Wenye mashamba wakachagua tenera bora, wakapanda mbegu zake, na shamba likaota mchanganyiko: dura zilirudi, na pamoja nazo pisifera, mti usio na kifuu ambao mikungu yake kwa kawaida huoza kabla ya kuiva. Nani angeuthamini mti kama huo?

Ili kupata jibu, maua yalifungwa mifuko na kupakwa chavua iliyochaguliwa. Tenera kwa tenera ilitoa robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Basi tenera si kabila la mchikichi, ni chotara. Dura akipewa chavua ya pisifera, watoto wote ni tenera. Mti uliodharauliwa ndio baba aliyekosekana! Mendel alishaichapisha hesabu hiyo, kwa njegere, mwaka 1866.

Jalada la uchunguzi ule lina majina mawili tu. Waliokwea michikichi kufunga maua hawamo.

Kuanzia miaka ya 1960 Malaysia ilihamia mbegu za dura kwa pisifera, ikatajirika. Kwetu, INERA ilichukua nafasi ya INEAC mwaka 1970. Mwaka 2013 wanasayansi wa Malaysia na Marekani walitangaza kuwa wamekipata kinasaba chenyewe cha kifuu. Ni aibu kwamba habari hiyo haikutoka Yangambi.

Ewe unayetaka kupanda michikichi, usiokote mbegu chini ya tenera ya jirani. Muulize muuzaji: mama ni dura gani, na baba ni pisifera gani?