Mikanda Michanga Ndiyo Mahututi

Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza kwenye barabara ya Shinyanga, muvi hununuliwa kwa flashi. Mteja anaitoa mfukoni, anataja anachokitaka, kijana aliye mbele ya kompyuta anabofya mara mbili tatu, na daladala haijajaa bado kazi imekwisha. Tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili ipo, ya Kikorea ipo, picha la Kihindi lililotoka juzi lipo. Lakini atakayeuliza Muhogo Mchungu, au Fimbo ya Mnyonge, au hata ile Bongo muvi ya miaka ya 2000 iliyoliza mtaa mzima, ana nafasi kubwa ya kuondoka na flashi tupu.

Kosa si la kijana wa dukani. Mambo yalianza zamani, katika namna sinema zilivyofika kanda ya ziwa na namna zilivyoondoka.

Kwingineko duniani wapo watu ambao kungoja filamu ya zamani ni sehemu ya maisha yao. Wanajua negativu imelala ghala gani, haki zake ziko kwa nani, ni reeli ipi imepauka rangi, na wanahesabu miaka hadi itoke kwenye diski ikiwa safi. Mfano ulio karibu na Maziwa Makuu ni The African Queen ya John Huston, iliyopigwa Kongo na Uganda ikatoka mwaka 1951, wakiigiza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kisa chake cha manowari ya Wajerumani ziwani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kinakumbusha Graf von Götzen, meli ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba. Pamoja na umaarufu wote huo, wapenzi wake wa Marekani walisubiri DVD hadi Machi 2010, baada ya Paramount kuirejesha upya kutoka kwenye negativu za Technicolor. Kwa teknolojia hiyo kila rangi ya msingi ilikuwa na ukanda wake. Kanda tatu za filamu moja, kila moja imesinyaa kivyake, ikabidi zilinganishwe upya kwa kompyuta picha kwa picha.

Subira ile ililipa kwa sababu negativu ilikuwapo. Mwanza haikuwahi kuwa na negativu ya chochote.

Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na meli za ziwa ziliunganisha mji huo na Kisumu, Musoma na Bukoba. Masanduku ya reeli yalipita njia hizo hizo za pamba na vitenge. Reeli moja ya milimita 35 yenye urefu wa futi 1,000 huchukua dakika 11 tu, kwa hiyo picha la Kihindi la saa 3 lilikuwa mzigo wa kubebwa na watu wawili. Likionyeshwa kwenye ukumbi wa Tivoli au Liberty mjini Mwanza, lilifungashwa tena likaendelea na safari, maana mwenye nalo alikuwa wakala wa mbali na nakala zilikuwa chache. Zanzibar, wakati nakala ilikuwa moja na kumbi ni zaidi ya moja, vijana wa baiskeli walikimbiza reeli kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine ndani ya jioni ile ile. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza hayo kwa kina katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ambacho kila mtu anayedhani sinema Tanzania ilianza na video angepaswa kukisoma.

Nakala ya namna hiyo ilichoka haraka. Ilikwaruzwa na projekta, ilikatika, ikaunganishwa kwa gundi, na kila ilipounganishwa iliacha sekunde chache sakafuni. Mtazamaji wa mji wa mwisho wa safari aliona filamu fupi kuliko aliyoiona wa mji wa kwanza. Hakulalamika, alikuwa amemfuata stelingi, na stelingi hafi.

Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ndiyo iliyowatikisa watu wa Zanzibar na bara katika miaka ya 1950. Hadithi ya mtoto wa hakimu aliyelelewa na mhalifu iligusa swali lililokuwa moto Afrika Mashariki yote: je, mtu huzaliwa mbaya, au mazingira humfanya? Leo kazi ya kuisafisha filamu hiyo imefanyika India, chini ya hifadhi ya taifa ya filamu iliyoanzishwa Pune mwaka 1964, na Desemba 2024, Raj Kapoor alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, filamu zake 10 zilirudishwa kwenye kumbi za India.

Habari ya Sholay inasisimua zaidi. Filamu hiyo ya mwaka 1975 ilitoka wakati India iko chini ya hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi ilikataa mwisho wake. Katika mwisho wa awali Thakur, mzee aliyekatwa mikono, anamuua jambazi Gabbar kwa miguu yake, akiwa amevaa viatu vyenye misumari. Bodi ikaamuru polisi watokee dakika ya mwisho wamchukue Gabbar akiwa hai. Kwa miongo watu wa Mwanza, Mombasa na Muscat walibishana juu ya Gabbar pasipo kujua kwamba walionyeshwa mwisho wa serikali. Ilipokuja zamu ya kuirejesha, negativu halisi ilikuwa imeharibika mno. Taasisi ya Film Heritage Foundation, iliyoanzishwa na Shivendra Singh Dungarpur mwaka 2014, ikategemea nakala za kati, baadhi zikitoka kwenye ghala Uingereza. Juni 2025 Sholay yenye mwisho wake wa kwanza ilionyeshwa uwanjani Bologna, Italia. Mzee wa Buhongwa aliyeijua filamu hii kwa moyo bado ana kitu kipya cha kuona.

Hizo ni filamu za wageni, na wenyewe wanazitunza. Za nyumbani hali ni nyingine.

Za mwanzo zilipigwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za shirika la Carnegie kutoka Marekani. Wasimamizi wake, Notcutt na Latham, walitoa filamu zipatazo 35 za milimita 16 juu ya kilimo, afya, mifugo na matumizi ya fedha, wakazizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki na Kati. Sauti haikuwamo kwenye filamu yenyewe. Ilirekodiwa kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali, na santuri ikachezwa sambamba na picha. Zimebaki filamu 3, zikiwa Uingereza kwenye hifadhi ya British Film Institute: moja ya mafunzo ya wahudumu wa mifugo, moja ya minyoo ya safura, na moja ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ilikuja Tanganyika kwa mkataba wa serikali ikapiga filamu za hadithi kwa Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa ustawi wa jamii kutoka Songea, Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka 10 hivi baadaye, Januari 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu. Ni nchi chache duniani ambazo waziri mkuu wake aliwahi kuwa stelingi, na ingekuwa mahali pengine diski ya filamu hiyo ingeuzwa kwenye duka la makumbusho pamoja na kijitabu cha maelezo. Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Watanzania wengi waliomlilia hawajamwona akiigiza hata dakika moja.

Baada ya uhuru serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na shirika hilo ndilo lililokuja kusimamia uingizaji wa filamu na kutengeneza za kwake, ikiwamo Fimbo ya Mnyonge katika enzi za Ujamaa. Miaka ya 1980 ilileta Arusi ya Mariamu, ya Ron Mulvihill na Nangayoma Ng'oge, iliyotuzwa kwenye tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1985. Mulvihill akashirikiana baadaye na Martin Mhando kutengeneza Maangamizi, ambamo Amandina Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyefungwa na ukimya. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar, mwaka 2001. Filamu hizi mbili zina tumaini, kwa kuwa zilipigwa kwenye seluloidi na wenye nazo wanajulikana. Seluloidi ya asetati nayo ina ugonjwa wake: joto na unyevu huifanya itoe harufu ya siki, isinyae, ijikunje. Hata hivyo ikiwekwa kwenye baridi na ukavu inaweza kudumu zaidi ya karne.

Mkanda wa video hauna karne. Mantiki ya kawaida, kwamba cha zamani ndicho kinachokaribia kufa, hapa inageuka. Filamu ya Vugiri ya mwaka 1936 iko salama kwenye chumba cha baridi, na muvi ya mwaka 2003 inaozea juu ya kabati.

Sinema ilipotoka kwenye kumbi za mjini ikaingia mitaani, iliingia kwa mkanda wa VHS, runinga moja, deki moja na mabenchi. Watu wakaviita vibanda hivyo vibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo saa 3 hahitaji kuelezwa kwa nini. Kiingereza, Kihindi na Kichina vya kwenye kioo havikueleweka kwa wengi, ndipo akatokea mtafsiri. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alianza kwa kusimulia ana kwa ana mbele ya watazamaji, kisha sauti yake ikarekodiwa juu ya mikanda, na mikanda ikasambaa. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alionya, alitania, aliwapa wahusika majina na tabia za kwetu. Uganda walikuwa na watafsiri wao, na Kenya wakampata DJ Afro. Kwa kizazi kizima, filamu ya Bruce Lee bila sauti ya mtafsiri ni filamu pungufu, na mkusanyaji wa kweli wa kanda ya ziwa atautafuta mkanda wenye sauti hiyo hata kama picha yake ina chenga.

Kisha zikaja Bongo muvi. Girlfriend ya George Tyson ilitoka mwaka 2003, na muda si mrefu kila mtaa ulikuwa na bango la VHS au VCD mpya. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, akawa uso wa tasnia hiyo hadi kifo chake tarehe 7 Aprili 2012. Filamu hizo zilirekodiwa kwa kanda ndogo za kidijitali, zikahaririwa kwenye kompyuta, zikauzwa haraka. Mtayarishaji aliyetaka kuanza kazi nyingine alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kurekodi juu ya kanda ile ile: kanda mpya ni pesa.

Hilo limetokea Kampala waziwazi. Isaac Nabwana, wa studio ya Wakaliga, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe, akaifuta filamu nzima ili apate nafasi ya inayofuata. Ilibaki nakala ya DVD yenye picha hafifu. Kutokana na hiyo, taasisi ya American Genre Film Archive ya Marekani ikatoa Blu-ray, ikiwa na sauti ya msimuliaji VJ Emmie anayepiga kelele na kuchekesha mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemwondoa kwa kisingizio cha usafi. Waliotoa diski hiyo walielewa kwamba msimuliaji ni sehemu ya filamu.

Mwanza yenyewe ina filamu iliyotunzwa vizuri, na ni ile iliyoukasirisha mji. Darwin's Nightmare ya Mwaustria Hubert Sauper, ya mwaka 2004, kuhusu sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo, iliwania Oscar, ikauzwa kwa DVD Ulaya na Marekani. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani na wakazi wakaandamana. Mtafiti wa mwaka 2100 akitaka kuona mitaa ya Mwanza ya mwanzo wa karne hii ataiona kwa jicho la Sauper, kwa sababu mikanda ya wenyeji ya miaka hiyo hiyo itakuwa imeshaliwa na ukungu.

Mwaka 2017 taasisi ya Martin Scorsese, pamoja na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, na UNESCO, walianzisha mpango wa kutafuta na kurejesha filamu 50 za Afrika. Soleil Ô ya Med Hondo na Sambizanga ya Sarah Maldoror zimeshatoka kwenye diski kupitia kampuni ya Criterion. Ni kazi ya heshima, lakini imejengwa kwa ajili ya seluloidi na majina makubwa. Mkanda wa Lufufu hauwezi kupita mlango huo. Kisheria picha ni ya mtayarishaji wa Hong Kong au Mumbai, sauti ni ya mtafsiri, nakala ni ya mwenye kibanda, na hakuna aliyeomba ruhusa kwa mwingine. Kuuza ni kesi. Kunakili kwa hifadhi na utafiti ni jambo jingine, na hilo linaweza kuanza leo.

Kinachobana ni deki. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Iliyoharibika sasa hutibiwa kwa vipuri vya iliyokufa. Nyegezi, mwendo mfupi wa daladala kutoka Buhongwa, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kinachofundisha uandishi wa habari na utangazaji, na Mwanza ndiko kilikozaliwa kituo cha runinga cha Star TV. Mafundi hawakosekani. Kinachotakiwa ni chumba kikavu, kiyoyozi, kompyuta na deki 2 nzima. Mkanda wa saa 3 hunakiliwa kwa saa 3 kamili, kwa hiyo deki hizo zikifanya kazi kutwa zitamaliza mikanda minne, siku ya umeme mzuri labda mitano.