Usahihi wa Mahali na Usahihi wa Wakati: Tathmini ya Ubora wa Data za Kijiografia katika Kariakoo, Dar es Salaam

Insha hii inachunguza uhakiki wa ubora wa data za mfumo wa taarifa za kijiografia katika eneo la Kariakoo. Kwa kawaida mhakiki hupima mambo matano: usahihi wa mahali, usahihi wa sifa, ukamilifu, uwiano wa kimantiki na usahihi wa wakati. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kipimo cha kwanza hakitoshi, kwa kuwa historia ya Kariakoo yaonesha kwamba kosa zito hujificha katika sifa na wakati.

Jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita, eneo hilo lililo magharibi ya Mnazi Mmoja lilikuwa makazi ya Waafrika, lenye viwanja na mitaa iliyonyooka. Juu ya viwanja hivyo zilijengwa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Tangu mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa ya biashara. Mtandao wa mitaa umebaki; kilichobadilika ni kilichosimama ndani yake.

Makosa ya mahali yapo. Ramani za zamani za Tanzania zilitumia datumu ya Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS hutumia WGS 84. Tabaka mbili za namna hiyo zikiunganishwa bila kugeuzwa, hupishana kwa takribani meta 300. Hata hivyo, kosa hili hujifichua lenyewe, kwani Mtaa wa Msimbazi utaonekana ukipita juu ya mapaa. Kosa la sifa halijifichui. Poligoni iliyochorwa juu ya nyumba ya chini yaweza kuendelea kuafikiana na kiwanja hata baada ya ghorofa kumi kusimama hapo. Picha ya satelaiti huonesha paa. Haioneshi duka la chini ya ardhi wala stoo iliyo nyuma yake. Hivyo data hufaulu mtihani wa mahali huku zikieleza jengo lisilokuwapo tena.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, likaua watu na kuwanasa wengine chini ya kifusi. Haidaiwi hapa kwamba ramani ingezuia maafa hayo. Linalodaiwa ni kwamba maswali ya mwokoaji, yaani ghorofa ni ngapi, chini pana nini na njia ya kuingilia iko wapi, hayajibiwi na majiranukta pekee.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, umeonesha njia mojawapo: wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi waliingia mitaani na kuchora kata zao, hasa zilizokabiliwa na mafuriko. Kwa msingi huo, insha inapendekeza kwamba kila jengo katika hifadhidata liambatane na tarehe ya uhakiki wake wa mwisho uwandani, na kwamba sampuli za uhakiki zichaguliwe kwa kufuata kasi ya ujenzi wa mtaa, kwa msaada wa serikali za mitaa. Pasipo tarehe hiyo, mtafiti hawezi kujua kama anasoma Kariakoo ya leo au ya jana.