Sura Juu ya Shaba

Uholanzi, karne ya 17. Mchoraji hajulikani. Rangi za mafuta juu ya bamba la shaba.

Jina la mchoraji limepotea, lakini ustadi wake unaonekana hadi kwenye unywele mmoja mmoja. Shaba ndiyo iliyouwezesha. Haina nyuzi kama turubai, hainyonyi mafuta wala kuvimba kwa unyevu kama ubao. Brashi nyembamba huteleza bila kukwama, na rangi hubaki na mng'ao wake kwa karne nyingi.

Ulaini huohuo ulileta shida, maana rangi iliweza kubanduka. Ndiyo sababu wachoraji walilikwaruza bamba, wengine wakalisugua kwa kitunguu saumu ili rangi ishike, kisha wakapaka tabaka jembamba la mafuta yenye rangi nyeupe ya risasi.

Rembrandt naye alijaribu shaba ujanani. Picha yake mwenyewe ya mwaka 1630, ndogo mno, iliibwa Stockholm mwaka 2000 na kupatikana Copenhagen mwaka 2005.

Adui mkubwa wa picha hizi ni pigo. Bamba likibonyea, rangi iliyokauka haiwezi kulifuata. Hupasuka na kuanguka.